Choo, karo na kisima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakaazi wa Ng'ambo

Maswali haya yamekusanywa Ng'ambo, yaani mitaa ya mji wa Zanzibar iliyo nje ya Mji Mkongwe: vibarazani, kwenye mikutano ya shehia (mtaa unaosimamiwa na sheha) na uwani kwa watu, kuanzia Jang'ombe na Kwahani mpaka Karakana, Sebleni na Mwanakwerekwe. Mengi yanaanza kwa kunong'onezwa, maana mambo ya msalani yana haya yake. Hapa tumeyaandika wazi. Mji umejaa: sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na ile ya 2022 ikahesabu 893,169. Nyumba iliyochimbiwa choo cha familia moja leo ina familia nne, na shimo ni lile lile.

Karo letu linajaa kila masika. Tulilinyonya mwezi wa pili, mwezi wa nne limefurika tena. Kwa nini?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi mwenye nyumba ameshaamua kuwa amedhulumiwa na wenye gari, kwamba hawakunyonya mpaka chini. Huenda. Lakini angalia kwanza mambo mawili.

La kwanza ni maji ya chini ya ardhi. Sehemu za Ng'ambo zilikuwa mabonde na vidimbwi kabla ya kujengwa, na mvua za Machi hadi Mei zikikolea maji hupanda mpaka karibu na uso wa ardhi. Karo ambalo kuta zake zimejengwa kwa matofali yenye nafasi, bila sakafu, halijai kinyesi. Linajaa maji yanayoingia kutoka nje. Ukilinyonya leo, kesho limeshajaa, na fedha yako imekwenda kunyonya maji ya bonde.

La pili ni maji ya kuoga na kufulia. Chukua nyumba ya watu wanane. Kinyesi kinachotuama chini ya karo ni kiasi cha lita 40 hadi 60 kwa mtu kwa mwaka, yaani kama lita 400 kwa nyumba nzima. Karo la lita 3,000 lingekaa miaka kadhaa kabla ya kuhitaji kunyonywa. Sasa elekeza humo na maji ya kuoga. Kila mtu akitumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku, ni lita 160. Karo lisilo na pa kutolea maji litajaa chini ya wiki tatu, hata kama hakuna aliyekwenda haja humo. Na hapo hatujahesabu udhu mara tano, wala nguo za Ijumaa.

Kwa hiyo kabla hujachimba karo la pili, tenganisha maji. Ya kuoga na kufulia yapewe shimo lake la kunywea, yaani la kuyaacha maji yazame ardhini, lenye mawe na kokoto, mbali na msingi wa nyumba. Fundi anaifanya kazi hiyo kwa siku moja au mbili, na kwa nyumba nyingi imemaliza ugomvi wa miaka. Ila kwenye bonde ambalo ardhi yenyewe imeshashiba maji, shimo la kunywea nalo halitakunywa kitu wakati wa masika. Huko kuna jibu jingine, lipo hapo chini.

Shimo la choo na karo si kitu kimoja?

Kwa mazungumzo ya mtaani, ndiyo, watu huita vyote karo. Kwa kazi, hapana. Shimo la kawaida halina sakafu, na kila kinachoingia kinachujika kwenda ardhini. Karo la kweli lina sakafu ya zege, kuta zilizopigwa plasta na vyumba viwili: cha kwanza kikubwa, kama theluthi mbili ya urefu wote, uchafu mzito utuame humo, cha pili kidogo, kipokee maji yaliyopungua uchafu kabla ya kutoka kwenda kwenye shimo la kunywea. Muulize fundi swali moja tu: "Sakafu umeweka?" Akianza kukuzungusha, basi hajaweka.

Nalisema hili kwa uchungu. Kwa bibi yangu tulilipia karo, tukafunikiwa kwa zege zuri lililosuguliwa likang'aa, tukalisomea na dua. Miaka sita baadaye tulipofungua hapakuwa na sakafu wala plasta, ni matofali na mchanga mtupu, na kisima cha jirani kiko hatua kumi na tano. Miaka sita yote hiyo tulikuwa tukimpelekea yule mama jirani uchafu wetu, huku tukipokea kwake sahani za futari.

Kisima chetu maji yake ni meupe, hayana harufu. Bado ni hatari?

Yanaweza kuwa hatari sana. Chini ya sehemu kubwa ya Unguja kuna jiwe la chokaa lililotokana na matumbawe, lenye mianya na mapango madogo. Mchanga mzuri huchuja maji polepole na vijidudu vingi hufia njiani. Mwanya wa jiwe hauchuji. Unapitisha kama bomba. Ndiyo maana ile kanuni ya kuacha mita 30 baina ya choo na kisima, na kuhakikisha kitako cha shimo kiko angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, ni kanuni njema kwenye mchanga, lakini juu ya jiwe lenye mianya hata mita 30 hazikupi usalama kamili. Na nani Jang'ombe ana mita 30?

Hapa kwetu jambo hili ni zito zaidi kwa sababu kisiwa hakina mto mkubwa wa kuchota. Maji tunayokunywa, ya kisima cha uwani na mengi ya yale yanayosambazwa na Mamlaka ya Maji, ZAWA, yanatoka ardhini. Tunachokishusha chini, tunakipandisha tena kwa ndoo.

Basi maji ya kisima cha mjini yafanye ya kufulia na kusafishia. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote hasa, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, usubiri nusu saa. Lakini ujue kuwa kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi nitrati, yaani chumvi za kemikali zinazotoka kwenye vyoo na kuyeyuka majini. Maji ya kisima kilichozungukwa na makaro yasitumike kumkorogea maziwa ya kopo mtoto aliye chini ya miezi sita, hata yakichemshwa. Na kukitia kisima klorini mara moja, kama karo la jirani bado linavuja, ni kazi ya siku chache tu.

Tunaishi bondeni, maji yanaingia mpaka uwani. Tujenge choo cha aina gani?

Panda juu. Badala ya kuchimba, jenga karo lenye sakafu na kuta zisizopitisha maji, nusu yake au zaidi ikiwa juu ya ardhi, na choo kikae juu yake kwa ngazi. Watu wa Sebleni na kandokando ya ziwa la Mwanakwerekwe wanajua maji yalifika wapi kwenye kuta zao. Ile alama ya tope ukutani ndiyo kipimo chako: sakafu ya choo na mfuniko wa karo vikae juu yake. Ni gharama, na kupanda ngazi usiku si raha, lakini choo kilichozama maji kinamwaga kila kitu kwenye mtaa mzima.

Bomba la kutoka kwenye sinki la choo kwenda kwenye karo lilazwe kwa mteremko wa sentimita mbili hadi mbili na nusu kwa kila mita. Bila hivyo litaziba, na wewe utamlaumu mpangaji.

Majirani hutapisha karo kwenye mtaro mvua ikinyesha usiku. Wanasema maji ya mvua yanasafisha.

Hayasafishi, yanahamisha. Mtaro wa Ng'ambo unapita mbele ya milango, watoto wanacheza humo mvua ikikatika, kisha unakwenda baharini, ambako kuna watu wanaokota chaza na kombe. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Mji huu unakijua vizuri: katika maradhi ya 1869 na 1870 watu walikufa kwa maelfu, na tangu kiliporudi Zanzibar mwaka 1978 kimekuwa kikija mara kwa mara, mara nyingi kikifuata mvua.

Wapo wanaosema ni umasikini. Naujua umasikini huo, nimekulia ndani yake, na ninajua kulipia gari ni mtihani. Hata hivyo anayetapisha usiku anajua analofanya, ndiyo maana anangoja usiku. Dini yetu imelitaja waziwazi jambo hili: Mtume (S.A.W.) alikataza kwenda haja kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini. Mtaro wetu ni njia, na mwisho wake ni maji.

Zungumza naye kwanza, kwa heshima, na si mbele za watu. Ikishindikana nenda kwa sheha, na sheha atamwita afisa afya wa manispaa yenu, iwe Mjini, Magharibi A au Magharibi B. Kumripoti jirani si uadui. Lakini mara nyingi tumeona kuwa nyumba tatu zikishirikiana kulipia gari siku moja, hapabaki wa kuripotiwa.

Gari la kunyonya haliingii kichochoroni kwetu.

Pima kwa kamba kutoka barabarani mpaka kwenye mfuniko wa karo, ukifuata njia ambayo mpira utapita, siyo kwa kukadiria kwa macho. Mpigie mwenye gari umwambie urefu huo kabla hajaja. Wengine wana mipira ya kuunganisha. Kama karo halijajengwa bado, liweke upande wa kichochoro kikubwa, na acha mfuniko unaofunguka. Utashangaa ni makaro mangapi yamejengewa jiko juu yake, na siku ya kunyonya inabidi kuvunja sakafu.

Halafu muulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Una haki ya kujua. Anayekwepa swali hilo huenda anamwaga porini au kwenye mkoko, na utakuwa umelipa fedha kuhamishia uchafu wako kwa watu wengine.

Kuna vijana wanachota kwa ndoo kwa bei rahisi. Tuwaite?

Mtu asiingie ndani ya karo. Asiingie hata dakika moja, hata kufuata ndoo iliyoanguka, hata kama ni fundi wa miaka thelathini. Ndani mna hewa ya sumu inayomwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Harufu ya yai viza unayoisikia mwanzo hupotea kwa sababu pua imeshapigwa ganzi, si kwa sababu hewa imeisha. Anayemfuata kumwokoa hufa naye, na mara nyingi ni ndugu yake. Kufungua mfuniko kwa saa nzima hakutoshi kuiondoa hatari hiyo. Sigara wala kibatari visisogee karibu, maana mna gesi inayowaka.

Mbu wa chooni wana uhusiano gani na mabusha na matende?

Uhusiano wa moja kwa moja. Mbu wanaozaliana kwenye maji machafu ya vyoo na makaro ndio wanaosambaza vijidudu vya matende mijini. Tena ushahidi mmoja mkubwa duniani ulitoka hapa hapa Unguja. Mwaka 1988, kule Makunduchi, vyoo vyenye maji vilimwagiwa vipira vidogo vya plastiki nyeupe, ile ile inayofungiwa redio na friji, vikaelea na kufunika maji yote. Viluwiluwi wakakosa pumzi, na mbu nao wakakosa pa kutagia. Mbu wanaouma wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Pamoja na dawa waliyopewa wakaazi, idadi ya watu wenye vijidudu hivyo kwenye damu ilishuka kutoka karibu nusu ya watu mpaka wachache sana ndani ya miaka michache.

Tunaulizwa kama njia hiyo inafaa Ng'ambo leo. Kwenye shimo lisilofurika, inafaa. Kwenye bonde haifai, kwa sababu mafuriko ya kwanza yataibeba plastiki yote mpaka baharini. Kwa wengi wetu dawa ni rahisi zaidi: ziba kila ufa wa mfuniko kwa saruji, weka wavu mzuri kwenye mdomo wa bomba la hewa, na tumia sinki lenye kona ya kushika maji. Mbu mmoja anapita kwenye ufa ambao wewe huoni kama ni ufa.

Nimwage Jiki au mafuta ya taa kuondoa harufu?

Hapana. Jiki nyingi inaua vijidudu vinavyosaidia kuozesha uchafu karoni, na ikikutana na dawa ya asidi ya kusugulia sinki inatoa hewa inayochoma mapafu. Mafuta ya taa yanashuka kwenye maji ya ardhini. Harufu ndani ya choo mara nyingi maana yake ni bomba la hewa fupi au lililoziba. Lirefushe lipite juu ya paa kwa nusu mita.

Kinyesi cha mtoto mchanga si kama cha mkubwa, sivyo?

Wazee wetu wengi wanaamini hakina madhara. Bahati mbaya ndicho kinachobeba vijidudu vingi vya kuharisha, kwa kuwa watoto ndio wanaougua zaidi. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni, na maji ya kuoshea nepi za kitambaa yamwagwe chooni, siyo chini ya mwembe. Pampasi zisitupwe kamwe chooni. Haziozi, zinaziba bomba, na gari likija mpira unakwama. Zifunge kwenye mfuko, zitoke na taka.

Kwa Pemba swali hili lina uzito wa ziada. Minyoo na safura vimekuwa maradhi ya watoto wa huko kwa muda mrefu, kiasi kwamba Chake Chake kuna maabara, ile ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 kushughulikia maradhi ya aina hiyo. Mayai ya minyoo hukaa kwenye udongo wenye kivuli na unyevu, na pembeni ya nyumba za Wete na Mkoani kivuli na unyevu havikosekani. Vidonge vinavyotolewa skuli vinatoa minyoo iliyomo tumboni. Mtoto akirudi kucheza peku nyuma ya choo kibovu, ataiokota tena.

Sisi ni wapangaji, nyumba ina vyumba sita na choo kimoja. Mwenye nyumba hataki kutengeneza.

Nendeni pamoja, wapangaji wote, siyo mmoja mmoja. Andikeni kasoro zilizopo na mpeleke pia hesabu ya fundi. Wenye nyumba wengi wamekubali walipoambiwa kuwa wapangaji watatoa nguvu kazi au kukatwa kidogo kidogo kwenye kodi. Pataneni kwa maandishi, sheha ashuhudie. Akikataa kabisa, afisa afya ana mamlaka ya kukagua.

Usafi wa kila siku ni wenu. Zamu ziandikwe ukutani, na wanaume wawemo. Katika nyumba nyingi tulizoingia zamu za choo ni za wanawake peke yao, na sijapata maelezo yoyote ya maana.

Fedha tutapata wapi?

Upatu. Nyumba kadhaa huweka kila wiki na kila mzunguko mmoja anajenga. Masharti mawili yamewasaidia waliofanikiwa: fedha apewe muuza saruji au fundi, siyo mkononi, na aanze yule ambaye karo lake linavuja kuelekea kisima cha wengi. Kama fedha ni ndogo, jenga chini kwanza. Kuta za makuti zinaweza kusubiri mwaka, sakafu ya karo haisubiri.

Vile vyoo vikavu vya kutengeneza mbolea vinatufaa?

Kwetu ni vigumu, kwa sababu tunachamba kwa maji na choo hicho kinataka ukavu. Vipo vyenye sehemu ya pembeni ya kuchambia, lakini vinataka nidhamu ya kila mtumiaji, hata mgeni. Kwa nyumba ya wapangaji sishauri. Sinki la kumwagia kopo mbili tatu za maji linatufaa zaidi.

Mtu ameanza kuharisha maji kama ya mchele. Tufanye nini kabla ya kufika hospitali?

Mnyweshe hapo hapo, msisubiri gari. Pakiti ya ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini) kwa lita moja ya maji salama, au vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja. Akitapika, ngojeni dakika kumi, muendelee kidogo kidogo. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida. Mpelekeni kituo cha afya huku anakunywa njiani, kwa sababu kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu ndani ya saa chache. Anayemhudumia anawe kwa sabuni kila mara. Sabuni ikikosekana, majivu.

Msimfiche. Familia zinaona aibu kama kwamba ugonjwa ni tangazo la uchafu wao. Aliyeugua mara nyingi amekunywa maji ya karo la mtu mwingine.

Bibi yetu hawezi tena kuchuchumaa, na choo kiko mwisho wa uwa.

Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya sinki, seremala yeyote anakitengeneza. Kipigwe rangi ya mafuta kiweze kuoshwa. Funga bomba la chuma ukutani mkono wa kulia, kwenye kimo cha kiwiko chake akiwa amekaa. Mpime yeye mwenyewe, usikisie. Kopo la kuchambia liwe juu ya kigoda, asiiname. Na taa. Wazee wengi tunaowatembelea hupunguza kunywa maji kuanzia alasiri ili wasiamke usiku kupita uwani gizani, na watoto wao hawajui mpaka tuwaulize wazee wenyewe mbele yao.